Doa Lisilopona: Jinsi Kirusi Kinachokaa Mwilini Kinavyoweza Kuleta Kansa



Ninyi mnaofika Kunduchi Pwani asubuhi mnajua kazi ilivyo pale. Ngalawa zinaingia, samaki wanateremshwa, mnada unaanza, na kina mama wakaanga samaki wanatafuta riziki ya siku. Darasa letu la wanaojiendeleza baada ya kisomo hukutana jioni, watu wakishamaliza shughuli zao. Mwanafunzi wetu mmoja ni mvuvi wa siku nyingi. Hapa tutamwita Mzee tu, maana jina lake si la kuandika gazetini.

Mwaka juzi Mzee alianza kuja darasani amevaa soksi na kandambili. Vijana wakacheka. Tulipomwuliza, alivua soksi akatuonyesha mguu. Karibu na kisigino palikuwa na mabaka mawili meusi kuliko ngozi yake. Hayakumuuma wala hayakuwasha. Sisi tukatazama, tukasema kwa uhakika kabisa: "Hiyo fangasi, Mzee. Ni maji ya chumvi na kushinda na miguu mibichi." Tukamnunulia dawa ya kupaka. Basi, tukaona tumesaidia.

Miezi ikapita. Mabaka mawili yakawa saba, mengine yakafanya vinundu, na mguu ukavimba mpaka kandambili haiingii. Sasa maneno yakaanza. Wapo waliosema ametupiwa kitu na mwenzake wa baharini kwa sababu ya wivu. Wapo walionong'ona, "Ah, hiyo ngoma hiyo," wakiwa na maana ya UKIMWI. Mzee alipoyasikia haya ya pili akaogopa kupimwa, na miezi mingine mitatu ikaenda bure. Mwishowe mwanawe alimchukua kwa nguvu mpaka zahanati. Kutoka hapo akaandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Mwananyamala, na Mwananyamala wakampeleka Ocean Road.

Jibu lilikuwa kansa ya aina inayoitwa Kaposi. VVU hakuwa navyo. Daktari akamwambia kwamba kansa hiyo huanzishwa na kirusi, na kwamba huenda kirusi chenyewe alikuwa nacho tangu utotoni.

Mzee alirudi darasani na maneno hayo, akatuuliza: "Walimu, kirusi si ndicho cha mafua? Kinaletaje kansa? Na iweje kirusi cha utotoni kinifuate uzeeni?"

Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu. Tuliwauliza waganga, tukasoma, na somo hili ndilo jibu tunalomletea Mzee na ninyi nyote.

1. CHEMBE ZA MWILI NA WALINZI WAKE

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai, ndogo mno, ambazo hazionekani kwa macho matupu. Wataalamu huziita seli. Ngozi ni chembe, damu ni chembe, mfupa ni chembe.

Ndani ya kila chembe, isipokuwa za aina chache, mna kitu kama maandishi. Maandishi hayo huiambia chembe ifanye kazi gani, igawanyike lini, isimame lini, na ife lini. Chembe inapogawanyika kuwa mbili, maandishi yote hunakiliwa ili kila moja ipate nakala yake.

Ninyi mliojifunza kuandika ukubwani mnaijua kazi ya kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni "kata mti," nawe kwa haraka unaandika "kata mtu." Herufi moja tu, lakini maana imegeuka kabisa. Chembe nazo hukosea. Kwa kawaida makosa husahihishwa, au chembe iliyokosea hufa. Lakini likitokea kosa pale palipoandikwa "simama," chembe haisikii tena amri hiyo. Inagawanyika, watoto wake wanagawanyika, na uvimbe unajitokeza. Hiyo ndiyo kansa, au saratani.

Katika mwili mna pia walinzi. Hizi ni chembe nyeupe za damu. Hutembea katika damu, na hukusanyika katika tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena. Ukiumia mguuni ukaota mtoki kwenye kinena, ujue walinzi wako kazini. Walinzi wengine wako ngozini, kwa sababu ngozi ni ukuta wa nje na adui hupitia hapo.

Chembe za walinzi nazo zinaweza kupata kansa. Kansa hiyo inaitwa limfoma. Mara nyingi huanzia kwenye tezi. Lakini kwa kuwa ngozini pia wamo walinzi, mara chache limfoma huanzia ngozini au hujitokeza hapo, ikaonekana kama baka, upele au kinundu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na kansa ya walinzi wa mwili akadhani ana ugonjwa wa ngozi tu.

2. MGENI ASIYEONDOKA

Kirusi ni kitu kidogo sana kuliko chembe. Chenyewe peke yake hakiwezi kuzaana. Lazima kiingie ndani ya chembe ya mtu, kiitumie kama mashine ya kutengenezea virusi vingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Virusi vya mafua ni wageni wa siku chache. Vinakuja, vinatusumbua, walinzi wanavifukuza. Lakini viko virusi ambavyo havitoki. Havipewi jembe, wala havijui kuaga. Vinajificha ndani ya chembe, vinakaa kimya, na vinaishi humo miaka na miaka. Maambukizo ya namna hii tunayaita maambukizo sugu.

Mfano mmoja mnaujua wote, ingawa huenda hamkuujua kwa jina hili. Mtoto anaugua tetekuwanga, anapona. Akifika utu uzima anatokwa na malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, watu wanasema "mkanda wa jeshi." Kumbe ni kirusi kile kile cha tetekuwanga! Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo, kikangoja walinzi wachoke. Mkanda wa jeshi si kansa. Tumeutaja ili mwone kwamba kirusi cha utotoni kweli kinaweza kumfuata mtu uzeeni. Mzee, jibu la swali lako la pili ni hilo.

Sasa swali la kwanza. Mgeni huyu analetaje kansa? Njia ziko tatu, na mara nyingi huenda pamoja.

Njia ya kwanza: kirusi huamuru chembe. Kirusi kilichojificha kinataka nyumba yake isife. Kwa hiyo virusi vingine huizuia chembe kufa na kuisukuma igawanyike.

Njia ya pili: makosa ya kunakili. Chembe inayogawanyika mara nyingi hunakili maandishi yake mara nyingi. Karani anayenakili barua mia kwa siku hukosea kuliko anayenakili mbili.

Njia ya tatu: walinzi kuchoka. Walinzi wakiwa imara huziona chembe mbaya na kuziua. Wakidhoofishwa na ugonjwa mwingine, chembe mbaya hupita.

Hivyo kirusi peke yake kwa kawaida hakitoshi. Huhitaji miaka na msaidizi. Shikeni neno hili "msaidizi," maana tutakutana nalo tena.

3. HABARI YA TAYA: KAMPALA, LONDON NA MARA

Jambo hili la kirusi kuleta kansa kwa binadamu lilianza kufahamika hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Si muda mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo. Alitafuta katika kumbukumbu za hospitali akakuta watoto wengi waliougua hivyo. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Baadaye ilithibitika kwamba uvimbe ule ni limfoma, na dunia nzima sasa huuita limfoma ya Burkitt.

Burkitt akajiuliza: mbona ugonjwa huu uko sehemu fulani tu? Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakafunga safari ya kiasi cha maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, kutoka Uganda kupita Tanganyika mpaka kusini mwa Afrika. Kila hospitali waliuliza: "Mmewaona watoto wenye uvimbe kama huu?" Waliona kwamba ugonjwa unapatikana kwenye joto na mvua, na haupatikani kwenye miinuko ya baridi wala mahali pakavu. Ukiichora ramani yake, inafanana sana na ramani ya malaria kali.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alivutiwa, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Alitafuta kirusi kwa muda mrefu asikione. Mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilikuta ukungu London ikateremka Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengine wangeyamwaga wakidhani yameoza. Epstein akayatazama kwa hadubini akaona chembe za uvimbe zinaelea, hai. Yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakazikuza, na mwaka 1964 wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuonekana katika kansa ya binadamu.

Hapa msomaji asishtuke. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 duniani wana kirusi hiki. Wewe unayesoma, kwa hakika karibu yote, unacho. Sisi tunaoandika tunacho. Huenea kwa mate, na katika nchi zetu watoto hukipata wakiwa wadogo sana. Walio wengi mno hawaugui kansa kamwe. Basi kwa nini wachache wanaugua?

Ni yule msaidizi. Malaria inayompata mtoto mara kwa mara huwafanya walinzi wake wagawanyike mbio mbio, na makosa ya kunakili yakaongezeka. Tena huwachosha wale walinzi wanaopaswa kukizuia kirusi. Kirusi na malaria vikishikana mkono, limfoma hupata nafasi. Burkitt aligundua pia kwamba ugonjwa huu haukuonekana Unguja na Pemba, ingawa visiwa hivyo vina joto na mvua kama pwani ya bara. Wataalamu waliona sababu mojawapo ni kampeni za kupambana na malaria zilizofanyika huko.

Jambo hili lilijaribiwa Tanzania. Kuanzia 1977 mpaka 1982, huko Mara Kaskazini, watoto walio chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Malaria ilipungua, na limfoma ya Burkitt ikapungua. Vidonge viliposimamishwa, malaria ilirudi na ugonjwa ukapanda tena. Lakini watafiti walikuwa wakweli. Walisema kwamba limfoma ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na kwamba mwishoni klorokwini ilianza kushindwa na vimelea vya malaria. Kwa hiyo jaribio lile lilitia nguvu ushahidi, ila halikumaliza ubishi. Baadaye utafiti mwingine mwingi umeonyesha uhusiano huo huo.

4. KAPOSI: UGONJWA WA MZEE

Mwaka 1872 daktari wa Vienna, Moritz Kaposi, aliandika habari za wagonjwa watano wenye mabaka na vinundu vya ngozi. Hapa kwetu Afrika Mashariki na Kongo ya mashariki ugonjwa huo ulikuwapo zamani, kabla UKIMWI haujasikika. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Makerere, Kampala, kuujadili. Walioupata zaidi walikuwa wanaume watu wazima, na mara nyingi ulianzia miguuni, sawasawa na ulivyoanzia kwa Mzee.

Kaposi si limfoma yenyewe. Ni jirani yake. Hutokana na chembe zinazofunika ndani ya mishipa midogo ya damu na ya maji ya mwili. Kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore, mke na mume, huko New York. Kinaitwa kirusi cha nane cha jamii ya hepesi. Cha Epstein-Barr nacho ni cha jamii hiyo, na cha tetekuwanga pia. Unaona? Ni ukoo wa wageni wasioondoka. Tena kirusi hiki cha Kaposi, mara chache sana, huweza kuleta limfoma pia.

Katika nchi zetu watu wazima wengi wanacho kirusi hiki, na wengi walikipata utotoni kwa njia ya mate. Karibu wote hawataugua. Lakini akiingia msaidizi mkali, mambo hubadilika. Msaidizi mkali kuliko wote ni VVU, kwa kuwa vinaua walinzi wenyewe. Ndiyo maana miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea, Kaposi iliongezeka sana na ikawa kali zaidi: mabaka usoni, mdomoni, tumboni, hata mapafuni.

Kutokana na hayo watu wakafikia uamuzi wa haraka: kila mwenye mabaka ya Kaposi ana UKIMWI. Sivyo. Mzee ni ushahidi. Wapo wanaopata Kaposi bila VVU. Ila kila mwenye mabaka hayo lazima apimwe VVU, kwa sababu matibabu hutegemea jibu. Mwenye VVU akianza na kuendelea na dawa za kufubaza virusi, walinzi wake hupata nguvu, na mara nyingine mabaka hupungua kwa dawa hizo tu. Wengine huhitaji pia dawa za kansa. Basi kipimo si hukumu. Ni njia ya kujua dawa ipi itumike.

5. LIMFOMA ZA NGOZI ZENYEWE

Sasa tutaje kwa ufupi limfoma za ngozi zinazoletwa na virusi. Ni adimu, lakini zinatufundisha.

Ya kwanza ilijulikana Japani. Mwaka 1977 madaktari wa huko walieleza kansa ya walinzi iliyowapata watu wazima wa kusini mwa nchi hiyo. Wengi wao walikuwa na vipele, mabaka au vinundu vya ngozi. Mwaka 1980 kirusi kinachohusika kilitangazwa nchini Marekani. Kinaitwa HTLV-1. Kinapatikana pia Karibi na sehemu za Afrika. Huambukizwa kwa maziwa ya mama, kwa kujamiiana na kwa damu. Mtu hukipata akiwa mtoto, na kansa huja baada ya miaka 40, 50 au zaidi. Tena katika watu 100 wenye kirusi hiki, kiasi cha 95 hawaipati kabisa.

Ya pili hutokana na Epstein-Barr. Watoto wachache, hasa wa Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati, hushindwa kukituliza kirusi hicho. Hutokwa na malengelenge yanayoacha makovu, hasa sehemu zinazopigwa na jua: usoni, masikioni, mikononi. Wengine wakiumwa na mbu hata mmoja, mahali pale huvimba, huoza na kuacha kidonda, na homa kali hupanda. Kwa baadhi yao hali hiyo hugeuka kuwa limfoma.

Tunayasema haya si ili kila mwenye upele aanze kuogopa. La. Upele mwingi wa Kunduchi ni fangasi, upele wa kuwasha, joto, au mzio. Tunayasema ili mjue jambo moja: muda ndio kipimo chako cha kwanza. Fangasi ikipata dawa yake hupungua. Doa linalokaa miezi, linaloongezeka huku unapaka, hilo linadai jibu jingine.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, tutazame miili yetu. Nenda zahanati ukiona lolote kati ya haya: baka au kinundu kisichopona kwa wiki nne, mabaka yanayoongezeka idadi, mguu kuvimba pamoja na mabaka, mabaka meusi au ya zambarau ndani ya mdomo, tezi zilizovimba bila kuuma na zisizorudi, homa, kukonda na kutoka jasho jingi usiku bila sababu. Kwa mtoto: taya, jicho au tumbo linalovimba, au meno yanayolegea kabla ya wakati wake. Huyo mtoto asingoje hata wiki moja. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa siku, si kwa miezi. Lakini pia ni kati ya kansa zinazosikia dawa vizuri. Tangu miaka ya 1960 watoto wengi wamepona kwa dawa. Hospitali ya Muhimbili hutibu watoto wenye saratani, na Bugando, Mwanza, hutibu watu wa Kanda ya Ziwa.

Pili, tuulize kipimo. Kwa macho peke yake hakuna ajuaye kwa hakika, hata daktari. Mganga hukata kipande kidogo cha nyama, kikatazamwa kwa hadubini. Wengine husema "kikiguswa chuma kinasambaa." Si kweli kwamba kipimo hicho ndicho kinachosambaza kansa. Kinachoisambaza ni kuchelewa.

Tatu, tusichanje, tusichome, tusikande doa hilo kwa dawa kali. Tutaongeza kidonda na kupoteza wakati.

Nne, tumpunguzie kirusi wasaidizi wake. Tulale ndani ya chandarua, watoto kwanza. Tukumbuke mashimo ya kokoto kule Mtongani: yakijaa maji ya mvua ni nyumba ya mbu. Tupime VVU, na mwenye navyo ameze dawa bila kukatisha.

Tano, tuchanje pale penye chanjo. Kwa Epstein-Barr na kirusi cha Kaposi hakuna chanjo ya kutumiwa na watu wote. Lakini virusi vingine viwili viletavyo kansa vina chanjo. Kirusi cha homa ya ini B huleta kansa ya ini, na watoto wachanga huchanjwa kliniki. Kirusi cha papiloma huleta kansa ya mlango wa kizazi, na tangu 2018 wasichana huchanjwa nchini kote. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo anamnyima kinga.

Sita, tusimtenge mgonjwa. Kansa haiambukizi kwa kukaa pamoja, kula pamoja wala kupeana mkono. Kirusi chenyewe wengi wetu tunacho tayari. Kumtenga mgonjwa hakutukingi na kitu chochote. Kunamfanya tu avae soksi na kunyamaza.

7. MZEE YUKO WAPI SASA?

Mzee alitundikiwa dawa za kansa kwa miezi kadhaa. Nywele zilipungua, chakula kikawa hakipiti, nauli ya kwenda na kurudi Ocean Road ikawa mzigo, na wavuvi wenzake wakamchangia. Yale yaliyosema ametupiwa kitu yalikuwa midomo ya watu hao hao. Vinundu vimekauka, na mguu umepungua uvimbe ila haujarudi kama zamani. Baharini haendi. Anakaa kivulini anashona nyavu, na jioni anakuja darasani, bila soksi.

Sisi tulimwomba radhi kwa ile "fangasi" yetu. Hatukuwa na nia mbaya, lakini tulitoa jibu la kitu tusichokijua, naye kwa kuwa sisi ni walimu akaliamini. Mzee alijibu: "Ninyi mlisema fangasi, wengine wakasema uchawi. Wote mlinichelewesha sawa." Maneno hayo tumeyaweka moyoni. Anayejua kusoma anasikilizwa kijijini. Basi awe mwepesi wa kusema, "Sijui, twende tukaulize."

Siku hizi kijana akija pwani na doa mguuni, Mzee humwita, humtazama, humwuliza lina muda gani. Likiwa limezidi mwezi humwambia neno moja: "Zahanati."

MANENO YA KUKUMBUKA

Chembe hai: sehemu ndogo kabisa iliyo hai ya mwili, pia seli.
Maambukizo sugu: maambukizo yanayokaa mwilini miezi au miaka.
Limfoma: kansa ya chembe za walinzi wa mwili.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana.
VVU: virusi viletavyo UKIMWI.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini watu wengi wana kirusi cha Epstein-Barr lakini wachache tu hupata limfoma?
2. Taja njia tatu ambazo kirusi kinachokaa mwilini huweza kuleta kansa.
3. Katika kijiji au mtaa wenu, mtu mwenye doa lisilopona huambiwa nini na majirani? Maneno hayo humsaidia au humchelewesha?
4. Zahanati iliyo karibu nanyi humpeleka wapi mgonjwa anayehitaji kipimo cha nyama? Mwende mkaulize, mwandike jibu ukutani mwa darasa.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Jibu lake msilitafute siku ya kuugua.